Morfini ya Makindye isiwe ya saratani tu

Aliyepasuliwa tumbo ili apungue uzito, hasa aliyeunganishiwa utumbo kwa njia ya mkato, hashauriwi kumeza diklofenaki wala ibuprofeni, vidonge vinavyouzwa kama njugu katika maduka ya dawa ya Kampala, kwa kuwa huweza kuleta vidonda penye mshono. Parasetamoli na ganzi ya kwenye kidonda zitangulie. Zisipotosha, ipo morfini ya maji inayotengenezwa na Hospice Africa Uganda, Makindye. Tangu 2004 hata wauguzi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kuiandika. Mbona wodi za upasuaji ziione kama dawa ya wanaokata roho? Wanaohofia uraibu wana hoja, na mtu mnene anayekoroma akiinywa huweza kukatikiwa pumzi usingizini. Hoja hizo zinadai dozi ndogo, siku chache, na muuguzi wa kumwangalia usiku.