Baiskeli, Kamera na Ngome za Mombasa

Mpenzi msomaji, hebu itoe ile albamu ya picha za nyumbani kwenu. Ikiwa kuna mmoja wenu aliyewahi kufika Mombasa, sina shaka humo mna picha yake amesimama karibu na mzinga wa Fort Jesus, shati jipya, meno yote nje. Sasa muache yeye, utazame kilicho nyuma yake. Ukuta umefunikwa na bega la mjomba na juu umekatwa! Ngome yenye zaidi ya miaka 400 imegeuzwa pazia la studio.

Jumapili hii nakuletea namna nyingine ya kuizuru ngome hiyo pamoja na ndugu zake wadogo wasiojulikana sana. Unachohitaji ni baiskeli, hata ya kukodi, na kamera, hata kama ni ya simu.

Kwa nini baiskeli? Kwa sababu ngome moja haielezeki peke yake. Kisiwa cha Mombasa kililindwa kama nyumba yenye milango: mlango wa Bandari ya Kale, mlango wa Kilindini, na mlango wa nyuma pale Makupa. Ukienda kwa motokaa utapitishwa mbio, na kwa miguu jua litakumaliza kabla hujafika mlango wa pili. Mwendo wa baiskeli unakupa nafasi ya kusimama, kugeuka na kujiuliza aliyeweka mzinga hapa alikuwa akimtazama nani. Mzunguko wote ni kilomita kumi na kitu tu.

Anzia Fort Jesus asubuhi na mapema. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, na mchoro ulikuwa wa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Usikimbilie langoni. Pita kwanza nje, upande wa nchi kavu, uone handaki lililochongwa kwenye mwamba wa matumbawe. Kisha ziangalie pembe za kuta. Hazikuingizwa ndani na kutokezwa nje kwa urembo, la hasha! Zilipangwa ili askari aliye kwenye pembe hii aweze kumpiga adui anayeparamia ukuta wa pembe ile. Tafuta mahali ambapo picha moja itaonyesha kuta mbili zikitazamana. Ukiipata hiyo, umeielewa kazi ya Cairati.

Na haikuwa kazi ya mchezo. Waarabu wa Oman waliizingira ngome hii kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Miezi 33, msomaji! Wengi waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi. Mbele ya ngome, chini ya maji, yamo mabaki ya merikebu ya Kireno, Santo António de Tanna, iliyozama mwaka wa 1697 wakati wa vita hivyo. Wapiga mbizi walianza kuichimbua mwaka wa 1977, na baadhi ya vitu walivyopandisha utaviona katika makumbusho humo ndani.

Sasa panda baiskeli, ushike njia ya Mama Ngina, kwenye mibuyu. Watu humiminika huku kupunga upepo na kula mihogo ya kukaanga, nami sina neno nao, maana mihogo ile ni mitamu. Lakini ni wachache mno wanaojua kwamba ufuoni huko kuna mabaki ya ngome ndogo ya Wareno, ile ya Mtakatifu Yosefu, iliyochungulia meli zikiingia kutoka bahari kuu.

Hapa ndipo penye uchungu. Fort Jesus ina makumbusho tangu mwaka wa 1962, imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011, na miaka ya karibuni ilijengewa ukuta wa kuzuia mawimbi. Ndugu yake mdogo amebaki vipande. Mwamba wa matumbawe huliwa kutoka chini: wimbi humega mguu wake pole pole, juu pakabaki kama paa lisilo na nguzo, na siku moja paa hilo likaporomoka na kila kilichojengwa juu yake. Kwa hivyo picha utakayopiga leo huenda ikawa ndiyo kumbukumbu ya jiwe ambalo mwanao hatalikuta.

Basi ipige kama ushahidi. Simama mahali unapoweza kupapata tena mwakani, karibu na mti au kona fulani. Piga ukuta mzima, halafu usogee karibu. Weka baiskeli ndani ya picha ili urefu wa ukuta ujulikane, lakini tafadhali usiiegemeze ukutani, maana chokaa ya kale humomonyoka. Andika tarehe, na kama maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa. Wanafunzi wa historia, mradi wenu huo! Picha mbili za mahali pamoja, zikipishana miaka mitano, ni kitu cha kumwonyesha mhifadhi wa makumbusho.

Jambo moja la tahadhari. Ng'ambo ya Kilindini, huko Mtongwe, kuna kambi ya jeshi la wanamaji, na kivuko cha Likoni nacho hakitaki kupigwa picha. Geuza kamera yako upande mwingine, usije ukamaliza Jumapili yako ukijieleza kwa askari.

Mwisho ni Makupa. Pitia Mwembe Tayari, ufuate barabara ya Jomo Kenyatta, na uwe macho na matatu. Zamani, maji yakikupwa, mtu aliweza kuvuka hapa kwa miguu. Wazimba walivuka na kuingia kisiwani mwaka wa 1589, na Wareno baadaye wakaweka vingome vya kukilinda kivuko hicho. Usitarajie kuta ndefu. Kinachostahili picha ni mkondo wenyewe, ambao maji yake yanapita tena tangu tuta la zamani lilipopisha daraja mwaka wa 2022. Simama kando ya barabara, maji yakiwa yamekupwa, na utaona jinsi bara ilivyo karibu.

Ukimaliza, jua litakuwa limehamia magharibi. Rudi Fort Jesus: ule ukuta wa nchi kavu ulioukuta kivulini asubuhi sasa unawaka, na kila tundu la matumbawe linaonekana.