Jina la Mtoto Kwenye Hati ya Shamba

Mwezi huu tuzungumze juu ya kuandikisha shamba au kiwanja kwa majina ya watoto.

Mama akiona mjane jirani akifukuzwa na shemeji zake baada ya matanga, huingiwa na hofu. Husema, "Afadhali tuandike majina ya watoto, hapo hakuna atakayewagusa." Nia ni njema. Lakini ajue kwanza sheria inasemaje.

Hapa Kenya, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inaruhusu jina la mtoto aliye chini ya miaka 18 kuingizwa katika rejista, ila ardhi hiyo hushikwa na mlezi kwa niaba yake. Mtoto mwenyewe hawezi kuiuza wala kuiweka rehani. Msajili akijua kwamba mwenye ardhi ni mtoto, huweka zuio.

Sasa fikiria. Mmoja nyumbani ameugua, nanyi mnataka kuuza kipande mlipe hospitali. Mali hiyo si yenu tena. Kwa kawaida itawabidi kwenda mahakamani mkaeleze kwamba mauzo hayo yatamfaa mtoto. Wakili atataka malipo, na ugonjwa haungoji kesi.

Tena, ukiandika watoto watatu leo, na wa nne akazaliwa kesho, huyo hana fungu. Na mkubwa akitimiza miaka 18, fungu lake ni lake. Anaweza kudai ligawanywe, nawe mzazi huna amri juu yake.

Basi tufanyeje? Kwanza, mama, jina lako lisikose kwenye hati. Mume na mke wakiandikishwa kuwa wamiliki wa pamoja, mmoja akifariki, ardhi yote hubaki kwa aliye hai. Hupeleka cheti cha kifo kwa Msajili, na jina la marehemu hufutwa. Lakini mkiandikishwa kwa mafungu, fungu la marehemu huenda kwa warithi wake. Hakikisheni hati yenu inasema lipi.

Pili, andikeni wosia. Tieni sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiorithi chochote. Tajeni watoto wote, mlezi wao, na wadhamini watakaowashikia mali mpaka wakue. Mtoto mwingine akizaliwa, wosia hubadilishwa mkiwa hai. Jina la mtoto likishaingia kwenye hati, kulitoa ni kazi kubwa.

Wengine huona kutaja wosia ni kujitabiria kifo. Sivyo. Anayeweka akiba ya mahindi hajaitia njaa. Jioni moja mwezi huu, watoto wakishalala, mwombe Baba watoto alete hati. Someni pamoja majina yaliyoandikwa, kisha mwone wakili kabla ya kuongeza jina lolote.