Soma Madai Kwanza

Mwandishi mwenzangu anasema anayeomba hataza ya hamira ya kutengeneza vinblastini, dawa ya saratani inayotokana na ua la Madagaska, ameiba ua hilo. Hasira yake naielewa. Shabaha ndiyo kaikosa. Ua halijadaiwa na mtu. Tena, mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kampuni ya Myriad, ilikataa hataza juu ya jeni iliyochomolewa tu kama ilivyo. Hamira iliyoripotiwa na timu ya mwanasayansi Jay Keasling mwaka 2022 ni jambo jingine: ilifanyiwa marekebisho 56, ikapachikwa jeni 34 za mimea, ikatoa vindolini na katarantini, viungo viwili vinavyounganishwa kikemikali kuwa dawa hiyo. Hiyo ni kazi ya watu, tusiwe wachoyo.

Balaa liko kwenye madai ya hataza, zile kurasa za mwisho ambazo naona mwenzangu hakuzifungua. Hataza za aina hii hupenda kudai si kimeng'enya kimoja, bali chochote kinachofanana nacho kwa asilimia fulani, ndani ya seli ya kiumbe chochote. Hapo ndipo pa kupiga kelele: ofisi za hataza zikate madai yaishie pale majaribio yalipoishia.