Mgonjwa Asitegemee Kalamu ya Rais wa Nchi Nyingine

Tusijidanganye. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90, na siku chache baadaye watumishi wa miradi ya UKIMWI wakaambiwa wabaki nyumbani. Bunge letu halikuulizwa. Tangu PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ilipoanzishwa mwaka 2003, mlipa kodi wa Marekani amebeba sehemu kubwa ya mzigo wa ugonjwa huu, na tunamshukuru kwa dhati: wako waliokuwa wakiandaliwa sanda ambao leo wanalea wajukuu. Ila uhai wa Mtanzania haukupaswa kuning'inia kwenye saini ya mtu asiyemjua.

Wengi hudhani hofu ya misaada kukatika ni ya dawa tu. Nenda kliniki ya tiba na matunzo, CTC, uangalie. Kidonge ni kimoja kwa siku, lakini nyuma yake yupo anayetafuta faili, yupo anayechukua damu ya kupima wingi wa virusi, na yupo WAVIU mshauri, yaani anayeishi na virusi na kuwashauri wenzake, mwenye daftari la waliokosa tarehe. Huyu hupiga simu. Isipopokelewa, hupanda bodaboda hadi kitongojini kumuulizia mgonjwa kwa siri, majirani wasijue. Wengi wa hawa walilipwa na miradi, na ndio wa kwanza kuondolewa. Dawa zaweza kujaa stoo na mgonjwa akapotea kwa kukosa wa kumfuata. Akiziacha, virusi huongezeka mwilini, naye huugua na kuambukiza.

Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 waliokuwa wakitumia dawa, takribani 94 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Ni kazi kubwa, na yaweza kubomoka haraka, hasa Njombe, ambako maambukizi kwa watu wazima yalikuwa asilimia 12.7.

Asituambie mtu kwamba nchi maskini haiwezi. Zimbabwe hukata nyongeza ya asilimia 3 juu ya kodi ya mapato kwa ajili ya UKIMWI tangu mwaka 2000, na haikuiacha hata uchumi wake ulipoporomoka vibaya. Sisi tunao Mfuko wa Udhamini wa UKIMWI, na Sheria ya Fedha ya 2025 imeuwekea tozo, ambayo sehemu yake huenda kwenye bima ya afya kwa wote. Tuilipe bila kinyongo, kisha tudai hesabu yake bila woga.

Na fedha hiyo isiishie kwenye semina na posho. Wabunge, wakurugenzi wa halmashauri, waajirini wale wenye daftari, muwape mkataba na nauli. Nawe mpiga kura, diwani akifika kwako, muulize: katika bajeti ya mwaka huu, kata yetu imetengewa WAVIU washauri wangapi, na nani anawalipa?