Jicho la Juu na Moto wa Amazon

Mtoto mmoja wa chuoni kwetu alituuliza: "Maalim, hiyo setilaiti yauonaje moto wa mwituni, na yenyewe i juu kuliko mawingu?" Suali hili tumeona lafaa kujibiwa hapa.

Setilaiti huutambua moto kwa joto lake. Chombo kiitwacho Suomi NPP, kilichorushwa Marekani mwaka 2011, kiliwekwa zaidi ya kilomita 800 juu. Huigawa ardhi vipande vya mita 375, na kipande chenye joto la kupita jirani zake hutiwa alama. Alama hiyo haisemi ukubwa wa moto. Huenda ni rundo la magogo tu. Wingu likitanda haoni mtu kitu, na moto utambaao chini ya miti mirefu hufichika.

Basi msitu mbichi wa Amazon hauwaki wenyewe kwa urahisi. Watu huikata miti, huiacha ikauke, kisha kiangazi huichoma wapate malisho ya ng'ombe. Kwa hiyo wataalamu wa INPE, idara ya Brazil ya uchunguzi wa anga, huitazama miti iliyokatwa kabla ya moto wenyewe.

Mwezi wa Julai 2019 hesabu zao zilionyesha ukataji umezidi. Rais Jair Bolsonaro akasema hesabu zile ni za uongo. Mkuu wa idara, Ricardo Galvão, akamjibu hadharani, na mwanzo wa Agosti akaondolewa kazini. Sisi siasa za Brazil si zetu, lakini mwalimu akiita majina akakuta watoto kumi hawapo, kumfukuza mwalimu hakuwaleti darasani. Tarehe 19 ya mwezi ule ule jiji la São Paulo liliingia giza mchana, moshi wa misitu ya mbali umechanganyika na mawingu. Na Novemba, INPE, chini ya mkuu mwingine, ikatangaza kuwa katika mwaka ulioishia Julai zimekatwa zaidi ya kilomita za mraba 9,700. Galvão naye, serikali ilipobadilika, mwaka 2023 alipewa kuliongoza baraza la taifa la utafiti wa sayansi.

Tulipokwisha kumweleza, mtoto yule akauliza tena: "Na ikishauona, nani huuzima?" Tukamwambia ni vikosi vya wazimamoto, waendao kwa miguu, pampu za maji mgongoni.