Mbolea ya Kinyesi Isikataliwe kwa Kinyaa

Wapo wanaosikia habari za mbolea iliyotengenezwa kwa kinyesi cha binadamu wakaziba pua na kuapa kuwa chakula kilichokuzwa kwayo hakitapita vinywani mwao. Kinyaa hicho hatukilaumu. Kimewaepusha watu na maradhi mengi. Lakini mkazi wa Nairobi anayeapa hivyo huenda amekwisha kula mboga zilizonyweshwa majitaka mabichi bila ya kujua. Kwa miaka mingi wakulima wa Kibera, Maili Saba na kandokando ya Mto Nairobi wamekuwa wakiyaelekeza majitaka katika vishamba vyao. Maji hayo hayalipiwi, hayakauki wakati wa kiangazi, na yana rutuba. Mwenye watoto wa kulisha hatayaacha kwa kuhubiriwa.

Yafaa basi kinyesi kibichi kitofautishwe na kilichotibiwa. Viini vingi vya magonjwa havistahimili joto. Adui mkaidi ni yai la mnyoo wa tumboni, ambalo laweza kukaa udongoni kwa miaka kadhaa likimngojea mtoto asiyenawa mikono. Hata hilo hushindwa. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 wataka rundo la mboji lidumishe joto la zaidi ya nyuzi 50 kwa muda usiopungua wiki moja. Mwalimu wa sayansi aweza kuwaonyesha wanafunzi jinsi joto hilo linavyopanda kwa kutumia majani, samadi ya ng'ombe na kipimajoto kirefu, pasipo kugusa choo.

Wala jambo hili si geni nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, kampuni ya Sanergy ilianza kukusanya kinyesi kutoka vyoo vya mtaa wa Mukuru na kukigeuza kuwa mbolea. Mwaka 2022, gunia la kilo 50 la mbolea ya dukani lilipopita shilingi 6,000, wengi walitambua ni hasara iliyoje kuitupa rutuba mitoni.

Hata hivyo, hatuungi mkono kila kiitwacho mbolea. Tope la mabomba ya mjini huchanganyika na taka za viwanda na gereji, na joto haliui risasi. Uswisi ilipiga marufuku tope hilo mashambani mwaka 2006. Jimbo la Maine, Marekani, likafanya vivyo hivyo mwaka 2022, baada ya kemikali za viwandani zisizooza kugunduliwa katika mashamba. Naye mkulima wa mishiri ya kuuzwa Ulaya akumbuke kuwa kanuni za GLOBALG.A.P. zinalikataza.

Maoni yetu ni kwamba mbolea itokayo katika vyoo visivyounganishwa na mabomba iruhusiwe, ianzie kwenye mahindi na miti ya matunda kabla ya mboga za majani, na kila gunia lionyeshe tarehe na matokeo ya vipimo. Tope la mabomba lisifike penye chakula.

Isitoshe, wakuu wa kaunti wafikirie bei. Mkulima wa Maili Saba asipopata maji safi na mbolea iliyotibiwa kwa fedha anazozimudu, ataendelea kuyafungulia majitaka ya bure, nazo mboga zake zitaendelea kufika sokoni alfajiri.