Mbunge Si Mlipa Bili za Hospitali

Huku kwetu Simiyu, kuanzia Bariadi mjini mpaka Meatu, ukiuliza mbunge mzuri ni yupi utajibiwa bila kusita: ni yule anayetoa. Anayewalipia wagonjwa bili, anayechangia misiba, anayetia mafuta gari la wagonjwa. Imani hii imezoeleka hadi inaonekana busara. Mimi nasema inatuumiza.

Mtazame mwananchi anayefika ofisi ya mbunge akiwa na cheti cha daktari kilichokunjwa mara nne na barua ya rufaa ya kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza. Katibu anaandika jina lake daftarini. Akibahatika, anapewa nauli. Anashukuru, anaondoka. Hakuna aliyeuliza kwa nini kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, ambayo kaya yake iliilipia, inakomea hospitali ya rufaa ya mkoa pale Nyaumata, ilhali ugonjwa wake unatibiwa Bugando. Hilo ndilo swali la mbunge. Nauli angeweza kuitoa yeyote mwenye huruma.

Wahenga walisema mwomba chumvi huombea chungu chake. Aliyelipiwa bili ametoka na chungu chake. Cha jirani bado hakina kitu, na kesho naye atapanga foleni kwa katibu yuleyule.

Ibara ya 63 ya Katiba inalipatia Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba yetu, na inamruhusu mbunge kumuuliza waziri maswali. Bunge hilohilo lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, baada ya muswada wake kuzua mjadala mkali tangu 2022. Muda wote huo, ni wangapi kati yetu waliomfuata mbunge kumuuliza asiye na uwezo wa kuchangia atatambuliwa na nani, kwa vigezo gani? Mkulima wa pamba anayeshika fedha mara moja kwa mwaka atachangia lini?

Najua nitaambiwa mgonjwa hasubiri sheria. Ni kweli, na anayeweza kumsaidia amsaidie leo. Lakini msaada ukigeuka kuwa kipimo cha ubunge, tunampa mheshimiwa njia rahisi ya kukwepa. Uchaguzi ukifika atahesabu bili alizolipa, nasi tutapiga makofi, bila kumuuliza alisema nini bajeti ya afya ilipojadiliwa.

Kupaza sauti si kazi bure. Mwaka 2023, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) uliposimamisha usajili wa mtoto mmojammoja kwa bima ya watoto ya Toto Afya Kadi, kilio cha wazazi kilifika hadi bungeni. Wazazi wale hawakuomba kulipiwa bili, walihoji utaratibu.

Basi mbunge akija kwenye mkutano wa hadhara, tusimame na maswali. Tumwambie ayapeleke Dodoma yaingie kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, kisha arudi na majibu ya waziri atusomee hapahapa Bariadi. Asiyeweza kufanya hivyo, hata akilipia bili za kata nzima, hajafanya kazi tuliyomtuma.